Edwin Armstrong, mtu aliyeondoa mkwaruzo redioni

Msikilizaji, kila tukifungua matangazo tunakutajia namba ya masafa yetu, na baada ya namba hiyo tunatamka herufi mbili: FM. Huenda umezisikia tangu utotoni bila kujiuliza zilitoka wapi. Nyuma ya herufi hizo yupo mtu mmoja, Mmarekani Edwin Howard Armstrong, aliyezihangaikia na kuzipigania kwa zaidi ya miaka 20, mpaka zikamgharimu mali, ndoa na mwisho uhai wake.

Nimeona nikuandikie habari zake kwa sababu ya swali linaloulizwa sana na watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio kwa mapenzi tu, si kwa biashara. Wapo duniani kote, na hapa kwetu pia wapo: namba za utambulisho za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Swali lenyewe ni hili: mtu akitaka kununua redio koli ya kuzungumzia, achukue ya analojia ya FM au ya dijitali? Maisha ya Armstrong hayataji dijitali hata mara moja, lakini yanafundisha namna ya kulijibu swali hilo.

Armstrong alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Akiwa bado mtoto aliugua homa iliyomwachia ugonjwa wa kutikisika kwa misuli, akakaa nyumbani kama miaka miwili bila kwenda shule. Alipona, ila bega lake liliendelea kurukaruka maisha yake yote, hasa akiwa na wasiwasi. Familia ikahamia Yonkers, mji ulio kando ya Mto Hudson, kaskazini mwa New York. Huko kijana alisoma vitabu vya wavumbuzi, akaamua naye atakuwa mmoja wao.

Alianza kama wanavyoanza watu wa ridhaa hadi leo: chumbani kwake, kwa nyaya na vifaa vya kuokoteza. Katika uwanja wa nyumba yao alijenga mnara wa antena wa zaidi ya mita 35, akawa anajivuta juu kwa kiti cha kamba. Kupanda minara kulibaki mapenzi yake hata alipokuwa mtu mzima.

Aliingia Chuo Kikuu cha Columbia kusomea umeme, akisafiri kila siku kwa pikipiki nyekundu. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, alichunguza taa ya redio iliyoitwa Audion, iliyotengenezwa na Lee de Forest. Armstrong alichukua sauti iliyotoka kwenye taa hiyo akairudisha tena mwanzoni, ikakuzwa mara nyingi zaidi. Ghafla stesheni za mbali zikasikika chumbani. Baba yake alikataa kumpa fedha za kusajili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mpaka kwanza amalize masomo. Kijana akachora mchoro wake na kuupeleka kwa ofisa wa viapo ugongwe muhuri, tarehe 31 Januari 1913. Ikumbuke tarehe hiyo, tutarudi kwake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka Paris kama ofisa wa mawasiliano wa jeshi la Marekani. Huko, mwaka 1918, alibuni njia ya kugeuza masafa yoyote yanayoingia kwenye redio yawe masafa mamoja yaliyo rahisi kukuza na kuchuja. Njia hiyo ndiyo iliyotumika katika redio nyingi za karne ya 20. Aliporudi kwao, kampuni kubwa ya RCA ilinunua uvumbuzi wake mwingine, akawa tajiri na mwenye hisa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika kampuni hiyo. Mkuu wa RCA, David Sarnoff, alikuwa rafiki yake. Katibu wa Sarnoff, Marion MacInnis, akawa mke wa Armstrong mwaka 1923.

Sarnoff alikuwa na hamu moja: kuondoa mkwaruzo redioni. Redio za wakati ule zilitumia AM. Ukitaka kuelewa AM, fikiria mpiga ngoma anayepeleka ujumbe kwa kupiga kwa nguvu na kwa upole. Ngurumo ikipiga karibu, au gari likipita, huwezi tena kujua ni ngoma imepigwa kwa nguvu au ni kelele zimeongezeka. Ndivyo radi na mashine za umeme zinavyoiharibu AM: kelele hizo huongeza na kupunguza nguvu ya wimbi, na redio husoma nguvu hiyohiyo kupata sauti.

Armstrong alichagua njia nyingine. Mpiga ngoma apige kwa nguvu ileile wakati wote, lakini ujumbe awe anauweka katika kasi, aharakishe na kupunguza mwendo. Hapo kelele ikiongezeka haidhuru, kwa kuwa msikilizaji anafuatilia mwendo. Hiyo ndiyo FM.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuiangalia FM na kuiacha. Mwaka 1922 John Carson, mhandisi mwenye jina, alionyesha kwa hesabu kwamba FM isiyotumia nafasi kubwa ya masafa haina faida yoyote juu ya AM. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwa waliodhani zimefunga mlango wote. Armstrong aliuliza: je, tukiipa nafasi kubwa badala ya kuibana? Alifanya majaribio kwa miaka, na mwishoni mwa 1933 akapewa hataza zake za FM.

Mwaka 1934 alifunga mtambo juu ya Empire State Building, jengo refu kuliko yote duniani wakati huo. Sauti ilipokewa kisiwani Long Island, zaidi ya kilomita 100, ikiwa safi hata wakati wa radi.

Siku niipendayo zaidi katika maisha yake ni tarehe 5 Novemba 1935. Armstrong alisimama mbele ya wahandisi wa redio mjini New York. Hawakujua kwamba Yonkers, nyumbani kwa rafiki yake Carman Runyon, kulikuwa na mtambo wa FM uliokuwa tayari kurusha. Runyon alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, namba yake ya utambulisho W2AG. Ukumbini wakasikia maji yakimiminwa kwenye glasi, na karatasi ikikunjwakunjwa. Kwa AM maji na karatasi vyote vingesikika kama mkwaruzo. Siku ile kila sauti ilijulikana ni ya kitu gani. Matangazo yale yaliyowaonyesha wakubwa wa fani kwamba FM inafanya kazi yalitoka katika nyumba ya mtu wa ridhaa.

Ungedhani kuanzia hapo njia ilikuwa nyeupe. Haikuwa hivyo. RCA ilikuwa na fedha nyingi katika AM, na sasa ilitaka kujenga televisheni. Ilikuwa imekwisha kumwambia Armstrong aondoe vifaa vyake Empire State Building. Akatumia fedha zake mwenyewe kujenga mnara wa zaidi ya mita 120 huko Alpine, jimbo la New Jersey, akawa na stesheni yake ya FM. Mnara huo umesimama hadi leo. Polisi wa jimbo la Connecticut mwaka 1940 wakawa wa kwanza kufunga redio za FM za kuzungumza pande mbili katika jimbo zima. Mwaka huohuo serikali ikatenga masafa ya megahezi 42 hadi 50 kwa ajili ya stesheni za FM. RCA ikamwahidi dola milioni moja itumie hataza zake bila malipo mengine. Alikataa, kwa sababu kampuni nyingine zilikuwa zikimlipa sehemu ya mauzo, na hakuona haki iliyo kubwa kuliko zote ipate nafuu ambayo wadogo hawakuipata. Vita vya Pili vilipokuja, aliliruhusu jeshi la nchi yake kutumia hataza zake bila kulipa.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1945. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilihamisha FM kutoka masafa yale hadi megahezi 88 hadi 108, ambako redio yako inaikuta leo. Sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya mwingiliano wa mawimbi. Mamia ya maelfu ya redio ambazo watu walikwishanunua zikawa hazina kazi, na mitambo ya stesheni ikabidi ijengwe upya. Sisi Afrika Mashariki tunayajua maumivu hayo: Tanzania ilipoanza kuzima televisheni ya analojia mwishoni mwa 2012, na Kenya mwaka 2015, aliyekosa fedha ya king'amuzi alibaki na televisheni isiyoonyesha kitu.

Mwaka 1948 Armstrong aliishtaki RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa. Kesi ilivutwa miaka. Hataza zake kuu za FM ziliisha muda mwaka 1950 huku kesi ingali mahakamani. Alikuwa amekwisha kushindwa mwaka 1934 katika kesi nyingine ndefu, pale Mahakama Kuu ya nchi ilipompa de Forest haki ya ule uvumbuzi wa ujana, ingawa wahandisi wenzake hawakukubali na walikataa kuipokea nishani yao alipotaka kuirudisha. Sasa fedha zilikwisha, hasira ikamwingia hadi nyumbani. Novemba 1953, katika ugomvi juu ya fedha, alimpiga Marion mkononi kwa chuma cha kuchochea moto, na mama huyo akaondoka. Tarehe 31 Januari 1954, miaka 41 kamili tangu ule muhuri kwenye mchoro wake, Armstrong alimwandikia mke wake barua ya kumwomba radhi, na usiku huo akajitoa uhai. Alikuwa na miaka 63.

Marion hakuiacha kazi ya mumewe. Kabla ya mwaka huo kwisha RCA ilikubali kulipa kama dola milioni moja kumaliza kesi. Aliendelea na kampuni nyingine moja baada ya moja, na ya mwisho, Motorola, ilishindwa mwaka 1967. Zote alizishinda au zililipa.

Sasa turudi kwenye redio koli. Miaka ya 1960 na 1970, kampuni za teksi na nyinginezo Marekani zilipobadilisha redio zao za FM, watu wa ridhaa walizinunua zile kuukuu kwa bei ndogo, wakazirekebisha na kujenga ripita milimani. Tangu hapo FM ikawa lugha yao ya kawaida katika masafa kama megahezi 144 hadi 146. Redio ya kampuni yoyote inaelewana na ya kampuni nyingine.

Dijitali hufanya kazi tofauti. Sauti yako hukatwa vipande vidogo, hugeuzwa namba, hubanwa, na upande wa pili hujengwa upya. Faida zake ni za kweli: mkwaruzo haupo, nafasi ndogo ya masafa inatosha, na namba ya mzungumzaji huonekana kwenye kioo. Mfumo wa DMR huweza kupitisha mazungumzo mawili katika nafasi ya moja. Lakini mawimbi yakidhoofika kupita kiasi, sauti hukatika kama ya roboti, kisha kimya. FM yenyewe hukwaruza taratibu, na sikio lililozoea bado hudaka jina la kijiji au neno msaada katikati ya kelele.

Kuna tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Dijitali si moja. D-STAR ilitoka Japani, DMR ni ya Ulaya na ilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, Fusion ni ya Yaesu, na hazielewani moja kwa moja. Zote tatu hutegemea teknolojia ya kubana sauti inayomilikiwa na kampuni moja. Upo mfumo wa M17, uliobuniwa na watu wa ridhaa wenyewe na kuachwa wazi kwa wote, ila vifaa vyake bado ni vichache.

Kwa hiyo kabla ya kununua, fanya alivyofanya Armstrong. Usiamini tangazo wala hesabu za mtu mwingine pekee. Nenda mahali utakapotumia redio, jaribu, sikiliza. Halafu uliza ambalo yeye alijifunza kwa uchungu: watu ninaotaka kuzungumza nao wana redio gani, na kesho nani ana uwezo wa kuifanya yangu iwe chuma kitupu? FM yake ilikuwa bora tangu siku ya maji na karatasi, na bado ilichelewa miaka mingi kwa sababu ubora haukutosha. Wengi wanaoanza huchukua redio ya FM, au ile ya dijitali yenye FM ndani yake, na redio nyingi za dijitali za ridhaa huwa nayo. Kikundi chenu kikiwa kimekwisha kukubaliana mfumo mmoja wa dijitali na ripita ipo, hapo dijitali ina maana. Na leseni ni lazima kwa zote mbili, analojia na dijitali.

Jioni ya leo ukitupata bila mkwaruzo huku mawingu yananguruma, jua kwamba yupo mtu aliyelipia utulivu huo.