Vivian Bullwinkel, nesi aliyejifanya maiti

Wadau, stori za vita tunazosimuliwa ni majenerali na vifaru tu. Leo namleta nesi.

Vivian Bullwinkel alizaliwa mwaka 1915 huko Kapunda, Australia Kusini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Singapore kama nesi wa jeshi. Februari 12, 1942, Wajapani wakiwa mlangoni, yeye na wenzake 64 walipakiwa kwenye meli ya Vyner Brooke. Siku mbili baadaye ndege za Japani zikaizamisha.

Baadhi walifika kisiwa cha Bangka. Tarehe 16 askari wa Kijapani wakawaamuru manesi 22 watembee kuingia baharini, kisha wakawamiminia risasi kwa nyuma. 21 wakafa. Vivian alipigwa kiunoni, akaelea akijifanya maiti mpaka wauaji wakaondoka. Na bado, jamani, akamuuguza msituni askari mmoja Mwingereza aliyejeruhiwa, siku 12! Njaa ikawashinda, wakajisalimisha. Tundu la risasi kwenye gauni alilificha kwa chupa ya maji, maana wangejua ni shahidi wangemmaliza.

Akafungwa miaka mitatu na nusu. Kati ya wale 65, waliorudi kwao ni 24.

Mwaka 1946 alitoa ushahidi Tokyo. Kinachoniuma ni hiki: mwaka 2019 mwanahistoria Lynette Silver aliandika kwamba manesi wale walibakwa kabla ya kuuawa, na Vivian akakatazwa na wakubwa zake kulisema hilo. Alifariki mwaka 2000. Sanamu yake ikazinduliwa Canberra mwaka 2023.

Sasa pale alikuwa analindwa nani hasa? Wadau, uwanja wenu.