Geoffrey de Havilland: Aliyeiamini gundi na mbao katika zama za chuma

FUNDI anayebandika vipande vyembamba vya mbao kwa gundi na kuvipinda juu ya kalibu, awe Masara kule Migori au jijini Nairobi, anafahamu kwamba kazi yote hutegemea saa chache za kubana. Siku hizi kuna mfuko wa plastiki na pampu ya kunyonya hewa, ambavyo hubana kila sehemu kwa nguvu sawa. Gundi ikishika, umbo hudumu. Isiposhika, kiti huachana. Kwa Sir Geoffrey de Havilland, kilichoweza kuachana kilikuwa bawa la ndege, na usukani mara nyingi ulikuwa mikononi mwa wanawe mwenyewe.

Mwingereza huyo, mwana wa kasisi, alizaliwa Julai 27, 1882 karibu na High Wycombe, mji uliosifika kwa utengenezaji wa viti. Ndege yake ya kwanza, aliyoiunda kwa fedha za babu yake, ilivunjika mwaka wa 1909 mara tu ilipoinuka. Mkewe, Louise, ndiye aliyeshona kitambaa cha mabawa yake. Ya pili iliruka mwaka uliofuata.

Kampuni yake mwenyewe aliianzisha mwaka wa 1920. Kwa kuwa alipenda wadudu tangu utotoni, ndege zake ndogo za mbao alizipa majina ya nondo. Ni moja ya hizo, Gipsy Moth, ambayo Bi Florence Kerr Wilson alianzia nayo shirika la Wilson Airways jijini Nairobi mwaka wa 1929. Shirika la East African Airways nalo lilipoanza safari mwaka wa 1946 lilitumia Dragon Rapide, ndege nyingine ya mbao kutoka kiwanda hicho.

Hata hivyo, kufikia mwishoni mwa miaka ya thelathini chuma na bati vilikuwa vimetwaa anga. De Havilland alipopendekeza ndege ya vita ya mbao, isiyo na bunduki, yenye watu wawili tu na mwendo wa kuwashinda adui, wakuu wengi wa serikali hawakumsikiliza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: metali ingeadimika vitani, ilhali maseremala wangekosa kazi. Oda ya kwanza, ya ndege 50, ilitolewa Machi 1940.

Mosquito, yaani mbu, iliundwa kama ganda la njugu. Kila nusu ya kiwiliwili ilipindwa juu ya kalibu: tabaka la plaiwudi, katikati balsa, mti mwepesi kutoka Amerika ya Kusini, kisha plaiwudi tena. Mikanda ya chuma ilizibana tabaka hizo hadi gundi ikauke. Nyaya na mabomba yalifungwa ndani kukiwa bado wazi, ndipo nusu mbili zikaunganishwa. Watengenezaji viti wa High Wycombe walishiriki kazi hiyo. Mwanawe mkubwa, Geoffrey, ndiye aliyeirusha kwa mara ya kwanza, Novemba 25, 1940. Ilipita kilomita 600 kwa saa, na jumla ya 7,781 ziliundwa.

Gundi ya awali ilitokana na maziwa. Ilifaa Ulaya, lakini joto na unyevu huilainisha na kuilisha ukungu, jambo lisilohitaji maelezo marefu kwa yeyote aishiye kando ya Ziwa Victoria. Gundi ya kemikali ilichukua nafasi yake. Hata hivyo mwaka wa 1944, huko India, mabawa ya baadhi ya ndege yaling'oka angani na wanahewa wakafa. Wachunguzi hawakukubaliana: wengine walilaumu mbao zilizojikunja kwa mvua za masika, wengine uunganishaji mbovu kiwandani. Ndege zilisimamishwa, viungo vikazibwa kwa ukanda wa plaiwudi.

Mwaka huohuo alitunukiwa cheo cha Sir. Lakini nyumbani palikuwa na msiba. Mwanawe John alifariki Agosti 1943, Mosquito mbili zilipogongana karibu na kiwanda cha Hatfield. Geoffrey mdogo naye aliangamia Septemba 1946 akijaribu ndege ya jeti, iliyovunjika angani. Louise hakustahimili majonzi hayo. Aliaga dunia mwaka wa 1949.

Mwaka huo wa simanzi ndipo iliporuka Comet, ndege ya kwanza ya jeti ya kubeba abiria duniani. Safari yake ya kwanza ya kibiashara, Mei 1952, ilipitia Entebbe ikielekea Johannesburg. Hii ilikuwa ya metali, na metali nayo ilimsaliti: ajali za mwaka wa 1954 zilitokana na bati lililochoka na kupasuka. Toleo lililoboreshwa liliingia East African Airways mwaka wa 1960.

De Havilland alifariki Mei 21, 1965 akiwa na umri wa miaka 82. Majivu yake yalimwagwa kutoka angani juu ya Seven Barrows, uwanda ambako ndege yake ya pili iliinuka mwaka wa 1910.