ETI KILA MTU ANAFANYA?

Kijana mwenzangu, ni mara ngapi umeambiwa uache ushamba, eti siku hizi kila mtu anafanya? Msikilize kijana mmoja wa Afrika aliyenaswa na maneno hayo hayo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Aliitwa Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa mtu wa maombi. Akiwa na miaka 16, Augustino na wenzake walivamia mti wa mapeasi usiku, wakayachuma kwa wingi. Je, walikuwa na njaa? Wala! Mengi waliwatupia nguruwe. Raha yao ilikuwa kufanya kilichokatazwa. Baadaye alikiri kwamba akiwa peke yake asingeiba. Na wewe je, yale ya juzi ungeyafanya kama washikaji wasingekuwepo?

Wenzake walipojisifia uchafu wao, yeye aliona aibu kwa kuwa msafi kidogo kuliko wao. Basi akawa anatunga dhambi ambazo hakuzitenda, ili asichekwe. Unaona ujanja wa shetani? Ile aibu Mungu aliyokupa ikulinde, yeye anaigeuza ikusukume shimoni.

Akiwa na miaka 17 alikwenda kusoma Karthago, jiji la starehe karibu na Tunis ya leo. Akaishi na mwanamke bila ndoa, wakazaa mtoto wa kiume, Adeodato. Akajiunga na wafuasi wa Mani, akakaa nao miaka kama 9. Hao walimfundisha kwamba anayetenda dhambi si yeye, ni nguvu ya giza iliyomo ndani yake. Mafundisho matamu hayo! Unafanya utakalo, kosa si lako.

Mwaka 384 alikuwa Milano, Italia, mwalimu mwenye jina. Huko alimsikia mhubiri Ambrosi, na macho yakaanza kufunguka. Sasa alijua kabisa lililo jema. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuacha ni kingine! Tangu ujana alikuwa akimwomba Mungu usafi, huku moyoni akitaka uje baadaye, si sasa. Ilipopangwa aoe binti wa watu wenye mali, yule mwanamke wa miaka yote akarudishwa Afrika, akamwacha mwanawe. Augustino akaumia sana, lakini akachukua mwanamke mwingine. Dhambi haikuumizi peke yako, rafiki. Kuna mtu analia nyuma yako.

Mwaka 386, akiwa bustanini, alilia machozi kwa jinsi alivyoshindwa kuacha. Akasikia sauti ya mtoto ikirudia kumwambia achukue asome. Akafungua nyaraka za Paulo, macho yakaangukia Warumi 13:13-14. Palepale giza likaondoka! Mwaka 387 akabatizwa pamoja na mwanawe. Mama yake alifariki mwaka huohuo, akiwa ameona jibu la maombi yake. Augustino akarudi Afrika, akawa mchungaji na askofu wa Hippo, akamtumikia Bwana mpaka kifo chake mwaka 430.

Kijana, wengi wakifanya baya haligeuki kuwa jema. Soma Isaya 5:20. Wala usimsingizie pepo jambo ulilolichagua mwenyewe. Moyoni unajua lililo sawa. Unachokosa ni nguvu ya kulifanya, na nguvu hiyo ni Yesu. Augustino alisema baadaye, na miaka ikapita. Wewe usingoje kesho, kesho si yako!

Omba sasa kwa imani:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimefuata kundi, nimekuacha wewe. Sitamsingizia mtu, kosa ni langu. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Nipe Roho wako nilitambue jema na nguvu ya kulitenda. Amina.

Umeomba kwa moyo wote? Usiondoke hivihivi. Njoo mbele, mwone mtumishi yeyote wa mkutano akuombee. Yesu anakupenda!