Charles Kettering na Stata ya Gari

Usiku mmoja mwenzetu alishikwa na homa kali, nasi tukampakia katika gari la shule ili apelekwe hospitali. Dereva alipozungusha ufunguo, gari lilitoa mlio mdogo tu, tak, likanyamaza. Akawasha taa, akajaribu tena, taa zikafifia. Alitueleza kwamba taa zikififia hivyo, yafaa kutazama betri na nyaya zake kwanza kabla ya kuilaumu stata. Kweli, vichwa vya betri vilikuwa vimeota chumvi nyeupe. Akavikwangua, akavikaza, injini ikawaka. Mwenzetu alipona. Tangu hapo nilitamani kumjua mtu aliyebuni stata.

Jina lake ni Charles Kettering. Alizaliwa mwaka 1876 karibu na Loudonville, katika jimbo la Ohio, Marekani, naye alikuwa mtoto wa mkulima. Macho yake yalikuwa mabovu hata ikambidi aache chuo kikuu kwa muda, akaenda kufanya kazi ya simu. Lakini hakukata tamaa. Alirudi masomoni, akahitimu mwaka 1904, umri wake miaka 27. Mimi niliyekaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada nilifurahi sana kusoma habari hiyo.

Siku zile gari liliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Injini ikirusha hendeli nyuma, mtu huvunjika mkono au taya. Inasimuliwa kwamba rafiki wa Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alikufa kwa ajali ya namna hiyo, na Leland akataka dawa ya jambo hilo.

Mafundi wengi walidhani kwamba mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno. Kettering alifikiri vingine. Zamani, katika kiwanda cha National Cash Register mjini Dayton, alikuwa ametengeneza mota ya mashine ya kuhesabia fedha dukani. Mota ile haikufanya kazi mchana kutwa, ila kwa kitambo kidogo tu. Kwa hiyo mota ndogo iliweza kubeba umeme mwingi bila kuungua. Stata nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1911 ilikuwa tayari, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa nayo. Ndiyo sababu dereva mwenye akili hashikilii ufunguo muda mrefu: huiacha stata ipoe, kisha hujaribu tena.

Lakini haifai kumsifu mtu kwa upande mmoja. Kettering aliongoza utafiti wa General Motors tangu 1920 hata 1947, na chini yake Thomas Midgley aligundua mwaka 1921 kwamba risasi ikitiwa katika petroli injini haigongi. Risasi ni sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa walikufa kwa sumu hiyo, hata hivyo Kettering aliitetea biashara ile. Petroli hiyo haikukoma kuuzwa kwa magari duniani mpaka mwaka 2021.

Kettering alifariki mwaka 1958. Mimi najifunza mambo mawili: kuchelewa masomoni si kushindwa, na mwenye akili nyingi anapaswa kuuliza kazi yake itamdhuru nani.