Karani Aliyetunga Kusadikika

Ndugu zangu wa shule, wengi mmeniuliza watoto wetu waanze na mwandishi gani wa hapa Tanzania. Mimi humtaja kwanza Shaaban Robert, nami namtaja kama mtumishi wa serikali.

Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akawa karani wa forodha. Baadaye idara ya wanyama, ofisi ya wilaya, kisha upimaji. Angali karani wa mkoloni, mwaka 1951 kilitoka Kusadikika. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi nayo, wakafungwa. Sisi tuliozeeka na majalada twajua uzito wa karani kuandika hivyo. Nchi yenyewe aliiweka angani, lakini nani hakuitambua?

Alifariki mwaka 1962, Uhuru haujatimiza mwaka. Kufikirika kilichapwa 1967, mwenyewe hayupo. Hicho wapeni vijana baada ya Kusadikika. Wadogo waanze na Adili na Nduguze.