Alois Alzheimer
Alois Alzheimer (Marktbreit, Bavaria, 14 Juni 1864 – Breslau, 19 Desemba 1915) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka Ujerumani. Anakumbukwa kwa kueleza ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu unaoitwa kwa jina lake.

Alihitimu udaktari Würzburg mwaka 1887, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kifafa mjini Frankfurt. Huko alifanya urafiki na Franz Nissl, bingwa wa kutia rangi vipande vya ubongo ili seli zake zionekane kwa hadubini.

Novemba 1901 alilazwa hapo Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 ambaye hakuweza kutaja hata jina la mumewe. Usahaulifu wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa wa wazee, hivyo Alzheimer alimhoji mara kwa mara na kuandika majibu yake. Mwaka 1903 alihamia Heidelberg, kisha Munich, chini ya Emil Kraepelin, lakini hakumsahau mgonjwa wake. Auguste alipofariki Aprili 1906, ubongo wake ulipelekwa Munich.

Kwa rangi yenye chumvi za fedha, Alzheimer aliona madonge nje ya seli za neva na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Alitoa taarifa hiyo Tübingen tarehe 3 Novemba 1906, wasikilizaji hawakuijali. Ni Kraepelin aliyeupa ugonjwa jina hilo mwaka 1910, ingawa Alzheimer mwenyewe alikuwa na shaka kama ni ugonjwa wa pekee.

Mwaka 1912 akawa profesa Breslau (leo Wrocław, Polandi), akafariki huko kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 51. Alizikwa Frankfurt kando ya mkewe Cecilie.

Vitu alivyoviona vilikuwa protini zilizojikunja vibaya, jambo ambalo wakati wake halikuweza kujulikana: madonge ni ya beta-amiloidi, nyuzi ni za tau. Kwa kawaida seli hujilinda kwa shaperoni, yaani protini zinazosaidia nyingine kujikunja sawasawa au kuzipeleka zikavunjwe zikiharibika. Shaperoni Hsp70 hushika tau na kuchelewesha kuganda kwake. Hata hivyo si zote zenye faida kila mara: Hsp90 ikishirikiana na FKBP51 inaweza kuihifadhi tau mbovu isivunjwe. Uwezo wa mfumo huu hupungua mtu anapozeeka, na hiyo inadhaniwa kuwa sababu mojawapo ya ugonjwa kuwapata zaidi wazee, tofauti na Auguste.