Msiri wa Bunkeya: mchuuzi wa shaba aliyefungua njia za bahari mbili

Kolwezi leo, malori ya shaba na kobalti yanapangana barabarani kuelekea Kasumbalesa, na watu wengine macho yao iko kwenye reli ya Lobito, kule Angola. Mali ya Katanga ipitie mashariki ao mangaribi? Ubishi huo ni wa zamani. Mbele ya reli, mbele ya Wabeleji, kulikuwa mtu aliyezitumia njia zote mbili: Msiri, jina lake refu Mwenda Msiri Ngelengwa.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1830 upande wa Tabora, katika Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa mtu wa misafara, anakuja Katanga kununua shaba na kurudi nayo kwao. Mtoto akaona kwamba mchuuzi wa kwenda na kurudi ananunua kwa bei ya wengine. Yeye akabaki. Ilikuwa karibu mwaka wa 1856.

Alikuja na bunduki chache, pia na ujuzi ambao masimulizi ya Wayeke hayachoki kuutaja: kuchanja ndui. Walikuwa wanachukua usaha wa mgonjwa na kuutia kidogo chini ya ngozi ya mtu mzima, ili augue kidogo asife. Inasemwa njo dawa hiyo iliyomfungulia mlango kwa Wasanga. Kisha akawasaidia kupigana na Waluba, na machifu waliomkaribisha kama mgeni wakajikuta polepole wako chini yake. Ufalme wake ukaitwa Garenganze, na mji mkubwa ukawa Bunkeya, leo katika teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba.

Shaba yenyewe Wayeke hawakuileta. Wenyeji waliichimba miaka mamia mbele yao, na misalaba ya shaba ilikuwa pesa mbali sana na Katanga. Mtama ukiisha kuvunwa, wakati wa ukame, watu walikwenda kuchimba mawe ya rangi ya kijani na kuyayeyusha kwa mkaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakivukuta kwa mivuo ya ngozi. Walioifanya kazi hiyo waliitwa walaji wa shaba. Kitu Wayeke walichoongeza ni kuvuta waya: fimbo ya shaba inapigwa, inapitishwa katika tundu la chuma, kisha tundu dogo zaidi, na zaidi, mpaka inakuwa nyembamba sana. Ule waya ulizungushwa kuwa bangili. Msalaba ni mzito mabegani mwa mpagazi. Bangili ni nyepesi na inauzika popote. Shaba ni ile ile, lakini sasa ina soko jipya.

Mashariki, biashara ilikuwa mikononi mwa Waarabu na Waswahili wa pwani, na bei ya bunduki na baruti waliipanga wao. Msiri akafungua mlango mwingine: Waovimbundu wa Bihé, waliofika mpaka Benguela kwenye Atlantiki. Akaoa Maria de Fonseca, wa ukoo wa wachuuzi Waafrika-Wareno, na ndoa hiyo ikawa mkataba wa biashara. Sasa wanunuzi wa pande mbili walikutana Bunkeya, kila mmoja akijua mwenzake yuko hapo. Shaba, chumvi na pembe za tembo zikatoka. Nguo, shanga na baruti zikaingia.

Na watu pia wakatoka. Tusilifunike: watumwa walikuwa sehemu kubwa ya mali ile, na Wasanga, wenye inchi, walilipa kodi ile nzito mpaka wakachoka. Karibu na mwaka wa 1891 waliasi, wakakata njia. Chakula na baruti vikapungua Bunkeya.

Wazungu wakafika wakati huo huo. Msiri alikuwa amempokea mmisionari Arnot mwaka wa 1886. Mwaka wa 1890 Alfred Sharpe alikuja na karatasi ya Waingereza, akakataa kusaini. Desemba 1891 akatokea Stairs, ametumwa kwa faida ya mfalme Leopold wa Pili, na mamia ya watu waliotoka Zanzibar. Stairs akapandisha bendera bila Msiri kukubali. Msiri akaondoka kwenda kijiji cha jirani. Tarehe 20 Desemba, kapiteni Bodson alitumwa kumleta. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga risasi, na yeye mwenyewe akauawa. Masimulizi ya Wayeke yanasema kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa.

Mwana wake Mukanda-Bantu alirithi inchi iliyopunguzwa, na Bunkeya ikatawanyika kwa njaa. Miaka 15 baadaye, mwaka wa 1906, Union Minière iliundwa kuichimba shaba ile ile. Kila tarehe 20 Desemba Wayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka.